Mtamba Asitoke Zizini

Bariadi, kwa Shangazi Minza,
Jumapili baada ya ibada.

Mayu, mama yangu,

Mwadila. Najua umeitikia kwa sauti kama vile nimesimama mlangoni, na mdogo wangu Kabula anayekusomea amenyamaza akingoja umalize. Sawa, Kabula, endelea. Na wewe mwadila, ingawa wewe ni mdogo na kwa adabu ungeanza kunisalimia mimi. Mnaendeleaje huko Katavi? Mayu, goti lako bado linalia ukiinama kukamua? Baba kikohozi kimemwacha? Ng'ombe wamepata majani, au bado mnawazungusha porini? Nisalimieni hata yule dume mwenye pembe moja aliyenikimbiza mpaka mtoni. Mwambieni sijamsahau na supu yake nitainywa.

Mimi huku ni mhola, mzima kabisa. Shangazi Minza naye ni mhola, mdomo wake ndio usiseme. Barua hii anakuja nayo kaka wa Masunga, Masunga yule rafiki yangu mpiga ngoma. Kaka huyo anakwenda Mpanda kutafuta ng'ombe wa biashara, nimemwambia apitie kwenu, mpeni maziwa. Ningepiga simu, lakini juzi mlipopanda kichuguu kutafuta mtandao niliambulia "mganga", nikaambulia "mtamba", nikaambulia "urudi", kisha Baba akakohoa na simu ikakata. Hayo mengine nimeyaunga mwenyewe.

Kwamba Baba amepata mganga huko wa kuniondolea sukari mwilini. Kwamba atamlipa yule mtamba mweusi mwenye baka jeupe kwenye paji, ambaye hata hajazaa bado. Na kwamba mimi niache sindano, nipande basi, nije nitibiwe kama watu. Ndiyo au siyo? Basi jibu langu mtalipata humu humu, lakini kwanza nipeni nafasi nisimulie. Mnamlilia mtu ambaye hapa Bariadi anasimamishwa njiani kupewa mkono. Kabula, usicheke. Kaa vizuri kwenye kigoda, barua ni ndefu, na pale nilipozidisha Kiswahili umtafsirie Mayu vizuri. Ukiruka mstari nitajua tu.

Mayu, mambo mengine sikuwahi kukusimulia, kwa sababu mwanzoni hata mwenyewe nilikuwa nayakimbia.

Mlipohama na ng'ombe mkaniacha huku kwa ajili ya shule, shule na mimi tuliachana kwa amani kidato cha pili. Nikaingia ghala la pamba la chama cha wakulima, kazi ya kushindilia. Wanatundika gunia refu kwenye mbao, mimi naingia ndani, wananimwagia pamba kichwani nami naikanyaga mpaka gunia linakuwa gumu kama gogo na mimi natokea juu kama jua. Kwa kushindilia hakuna wa kunifikia. Hilo hata karani anajua, ingawa akiulizwa atakwambia namna nyingine.

Basi mwili ukaanza visa. Kiu, Mayu. Nakunywa maji kama punda aliyetoka mnadani, halafu usiku kucha ni nje, ndani, nje, ndani, mpaka mbwa wa Shangazi wakaacha kunibwekea. Suruali inashuka yenyewe. Shangazi akasema nimepata mwanamke mbaya. Masunga akasema nina minyoo. Siku moja nikiwa ndani ya gunia nikaona giza, miguu ikakataa, nikakaa chini. Wale wa juu hawakujua, wakaendelea kunimwagia pamba. Wanasema waliposhtuka ni pale gunia liliponyamaza, maana mimi nikishindilia lazima niimbe. Nyimbo zangu ndizo zilizoniokoa siku ile. Wakalipasua gunia kwa kisu wakanitoa mweupe kama mzimu.

Hospitali wakanipima wakasema ni kisukari. Tena si kile cha wazee cha kuambiwa punguza soda. Changu ni kwamba kuna kitu tumboni kinaitwa kongosho, kazi yake kutengeneza dawa ya kuchunga sukari mwilini, na langu limegoma. Kwa hiyo dawa hiyo lazima niiingize mwenyewe kwa sindano, asubuhi na jioni. Nikamwuliza daktari, "Nitapona lini?" Akanitazama, akavua miwani, akasema, "Hiki hakiponi, kijana. Utaishi nacho." Nikacheka. Nilidhani ananitania kama sisi tunavyotaniana na Wazaramo.

Nilipoelewa kwamba hatanii, Mayu, nilikasirika. Nilimkasirikia daktari, nikaikasirikia pamba, nikaukasirikia mpaka mguu wa kitanda. Nilimkasirikia mtu yeyote anayekula muwa. Mimi, Shija, niliyewafuata pacha wawili tumboni na kuwashinda wote kwa kelele, nibebe sindano mfukoni kama bibi anayebeba ugoro? Wewe ulinipigia simu ukalia, Baba akachukua simu akanyamaza, na kunyamaza kwa Baba kulinichoma kuliko sindano. Nikasema basi, hakuna mtu mwingine atakayejua. Shangazi na hospitali, imetosha.

Sasa dawa yenyewe haitaki joto, na friji Shangazi anaijua kwa kuipita dukani. Nesi akatufundisha: chungu kidogo kikae ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga uliolowa, juu kitambaa kibichi. Dawa inabaki ya baridi utadhani imelala kisimani. Nesi huyo huyo akanikataza kutembea peku, kwa sababu kidonda cha mguu kwa mtu wa sukari ni mgeni asiyeaga. Na mimi nashindilia pamba kwa nyayo! Nikanunua raba nyeupe za mtumba. Karani akapiga kelele, "Viatu vitachafua pamba!" Nikazitenga, sizikanyagii chini, naziosha kila asubuhi, nazivaa nikishaingia gunia tu. Siku ya tatu karani akaja na kitambaa kunikagua nyayo, akaondoka na kitambaa chake kikiwa safi vile vile. Wenzangu wakaniita Bwana Harusi. Sikuwaambia sababu. Niliwaambia mtu mwenye hadhi hakanyagi mali ya taifa kwa miguu.

Kabula, hapa nakuelezea wewe, maana uliondoka huku mdogo na hujui ngoma ya mashindano ilivyo. Pamba ikishauzwa, watu wana nafasi, makundi mawili yanaletwa uwanja mmoja. Yanacheza kwa wakati mmoja, hawa huku, wale kule. Hakuna mtu mezani wa kutoa alama. Watu wenyewe ndio alama: wakikuchoka wanakugeuzia mgongo wanakwenda upande wa pili, na unawaona kwa macho yako wanavyokukimbia. Ukisimama kupumua umekwisha. Mwenye watu wengi jioni ndiye mshindi. Na anayeongoza, anayetunga, anayeimba, anayetukana wapinzani kwa maneno mazuri, huyo ndiye manju. Na manju wa kundi letu ni nani? Sema kwa sauti Mayu asikie. Ni kaka yako.

Kwa kuwa ushindi ni kuvuta watu, kila kundi linashukiwa lina samba, yaani dawa ya mvuto. Nasi kundini tuna mwiko kwamba manju hali wala hanywi chochote uwanjani siku ya mashindano, asije akatiliwa kitu na wapinzani. Sasa siku moja Masunga akaingia chumbani kwangu kuazima njuga, akainama chini ya kitanda, akaona nini? Chungu ndani ya chungu, mchanga mbichi, kitambaa, kichupa, na sindano. Akatoka kinyumenyume. Kabla jua halijazama kundi zima lilikuwa linajua: Shija ana samba ya kuchoma mwilini, haijawahi kuonekana Usukumani kote. Watu wakaanza kunipisha njiani. Mzee mmoja akaniletea kuku. Mayu, wewe ungefanya nini? Mimi nilipokea kuku.

Ndipo tukaalikwa Migato, kukutana na kundi la Mwamanyili. Manju wao anaitwa Lugiko, jamaa mrefu, sauti kama ng'ombe anayedai ndama wake. Anajua, sikatai. Anajua kwa kiasi. Asubuhi nikajichoma sindano yangu kama kawaida. Lori lilichelewa, tukafika ngoma zimeshaanza kutwangwa, na chakula sikuwa nimekula. Shangazi alikuwa amenifungia viazi kwenye mfuko. Nikauangalia mfuko, nikawaangalia wenzangu, nikaukumbuka mwiko. Nikafunga njuga nikaingia uwanjani.

Nilianza vizuri. Watu wanamhama Lugiko wanakuja kwangu kama maji yaliyopata mteremko. Halafu jasho la baridi, mikono inatetemeka, maneno ya wimbo yananikimbia. Naambiwa niliimba mstari mmoja mara nyingi sana, watu wakadhani ndio mtindo mpya. Kisha nikapiga magoti.

Masunga alinisimulia yaliyofuata. Wenzetu walimzingira Lugiko wakiwa na marungu.

"Mfungue! Umemfunga manju wetu, mfungue!"

Na yule mwendawazimu, badala ya kukana, anaringa: "Mmeiona kazi yangu? Nani mwingine anataka?"

Mwingine tayari anatafuta mavi ya tembo ayachome ili nivute moshi. Hapo ndipo Shangazi Minza alipowapasua watu kwa viwiko, kikopo cha asali mkononi. "Pisheni! Hajarogwa na mtu! Ana kisukari, amejichoma sindano na hajala, kwa ubishi wa ukoo wetu huu! Na wewe Lugiko usijisifu, hata kuku huwezi kumroga!" Akakaa chini, akanilaza mapajani, akanipaka asali kwenye fizi kwa kidole, kama mtoto mchanga, mbele ya Migato nzima. Dunia ikarudi taratibu. Kitu cha kwanza kukisikia ni kicheko cha Lugiko. Cha pili ni wimbo aliokwisha kuutunga papo hapo: manju wa Bariadi ananyonya asali, mleteeni na kanga ya kumbebea.

Watu wote walikuwa upande wake. Wote, Mayu.

Nilirudi nikajifungia. Niliwaambia sitacheza tena. Njuga nikazitundika ukutani, na mzee wa kuku nikamrudishia kuku mwingine. Kazini nilishindilia bila kuimba, mpaka wale wa juu wakawa wananiita kila mara, "Upo?" Nilijiona nimeshakuwa kitu cha kuulizwa kama kipo.

Masunga akaja, akakaa kwenye kitanda changu bila kukaribishwa, kama kawaida yake.

"Kwa hiyo kile chungu si samba?"

"Si samba."

"Dawa ya hospitali tu."

"Ya hospitali tu."

Akafikiri. Ukimwona Masunga anafikiri utamhurumia, uso wote unafanya kazi. "Sasa msimu uliopita tulivyowapiga wale wa Maswa, na wale wengine, tulikuwa na dawa gani?"

"Hatukuwa na dawa, Masunga."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Akasimama, akashika kichwa. "Shija! Basi sisi ni hatari!"

Nikacheka, Mayu. Sikutaka, lakini nilicheka mpaka Shangazi akaja kuchungulia. Hata hivyo sikumwahidi kurudi uwanjani. Kucheka ni jambo moja, kusimama tena mbele ya watu waliokuona unapakwa asali ni jingine.

Aliyenitoa shimoni kabisa ni mama mmoja muuza dagaa pale sokoni, Mama Holo, tunakutana kliniki. Ni mnene, ana jino moja la dhahabu, na kisukari amekaa nacho tangu hajaolewa. Siku hiyo tuko kwenye benchi, akatoa sindano kwenye pochi ya hela, akajichoma tumboni huku anagombana na mtu kwenye simu juu ya dagaa wa mchanga. Hakupunguza hata sauti. Nami nilikuwa nimegeukia ukuta ili nisionekane.

"We manju," akasema, "unamwonea haya nani? Ukuta?"

"Mama, wewe umeizoeaje?"

"Sukari yangu? Kama nilivyomzoea mume wangu mlevi. Akiwa bado barabarani, kwa nyayo tu najua leo amekunywa kiasi gani. Sipigani naye mlangoni. Namjua, namlaza, nami nafanya yangu." Akafunga pochi. "Wewe bado unapigana mlangoni, majirani wanakuangalia."

Mayu, nilitembea kutoka kliniki mpaka nyumbani bila kuona njia. Mimi sina mume mlevi, lakini nina kitu changu ninachokijua kwa nyayo. Nani alinifundisha kumjua ng'ombe anayetaka kutoroka kwa jinsi anavyogeuza sikio? Ni Baba. Nani aliniambia mchungaji halali ng'ombe wakiwa na njaa, wala hali peke yake hajawanywesha? Baba huyo huyo. Kumbe kazi hii ya sukari nilishafundishwa nikiwa na fimbo ndefu kuliko mimi. Inapanda, naiona. Inashuka, naisikia magotini kabla haijafika. Mimi ni mchungaji, ila kundi langu liko ndani. Nilipofika nyumbani nikazitoa njuga ukutani.

Marudiano yalikuwa hapa hapa Bariadi, na watu walikuwa wengi kiasi kwamba mafundi baiskeli walifunga kazi. Kundi letu lilikuwa na wasiwasi, mimi nilikuwa na raba. Ndiyo, Kabula, raba nyeupe, na njuga juu yake. Manju hajawahi kucheza na viatu. Lugiko aliponiona akafurahi kama amepewa mchele: "Bwana harusi amekuja! Asali iko wapi?" Watu wake wakacheka, na wa kwetu wengine pia, niliwaona.

Nikakaa juu ya ngoma kubwa, mbele ya wote. Nikajichoma sindano yangu nikiwa namtazama yeye. Nikafungua viazi vya Shangazi nikala, taratibu, nikalamba vidole. Wazee wa kundi wakaguna, "Mwiko! Mwiko!" Nikawaambia mwiko wangu mimi ni kutokula. Kisha nikasimama nikaimba. Kwa Kisukuma ni tamu zaidi, lakini maana yake ni hii, Kabula, umwimbie Mayu, usimsomee kama tangazo la kijiji:

*Lugiko una ng'ombe, jua likizama wanalala,*
*wangu mimi halali, nami namlinda.*
*Wako akipotea utamwuliza jirani,*
*wangu akipotea nami napotea naye.*
*Leo nimemleta uwanjani, mtazameni, ameshiba.*
*Niambieni enyi watu, mchungaji hapa ni nani?*

Mayu, nilisikia njuga zangu mwenyewe. Halafu bibi mmoja akapiga kigelegele kirefu, na watu wakaanza kuhama. Jua likiwa linaelekea Maswa tulikuwa tumegawana uwanja nusu kwa nusu, Lugiko anakohoa, mimi nanguruma, wimbo wa mwisho unanukia.

Ndipo nikausikia ule mtetemo wa magotini.

Nilijua maana yake. Nikiendelea nitaanguka kama Migato. Nikisimama, watu watanigeuzia mgongo, ndivyo ngoma ilivyo, hakuna wa kulaumiwa. Nikamwangalia Masunga, naye akaniangalia. Nikainua mkono. Ngoma zetu zikanyamaza.

Nikawaambia watu, "Ng'ombe wangu ana kiu. Namnywesha, nakuja." Nikakaa. Nikanywa soda, ile mliyodhani nimekatazwa milele, kumbe ndiyo dawa sukari ikishuka. Nikamenya ndizi. Upande wa pili Lugiko anatwanga ngoma kama mtu aliyeahidiwa mke. Nami natafuna ndizi, Mayu, naogopa kuinua uso nisije nikaona migongo.

Nikainua.

Walikuwepo. Hawakuondoka. Wanaume wamekunja mikono, akina mama wameketi chini wakavua kanga kujifutia jasho, kama wanaosubiri mtu aliyekwenda dukani. Na wa upande wa Lugiko walianza kuja mmoja mmoja kuangalia kuna nini huku ambako hakuna ngoma na watu hawaondoki. Walinisubiri, Mayu. Mimi. Binti mmoja kutoka kijiji cha Binza hata akanyoosha mkono akapokea ganda la ndizi, akasema, "Manju, lete hilo, usije ukateleza juu yake na viatu vyako vya kanisani." Jina lake nalihifadhi kwanza.

Magoti yalipotulia nikasimama. Sitawaelezea wimbo ule wa mwisho kwa sababu mtasema najisifu. Ulizeni mtu yeyote wa Bariadi.

Jioni Lugiko akanifuata nyuma ya ghala. Nikajua tunapigana. Akasema, "Mwaka kesho na mimi naleta ndizi." Tukacheka. Halafu akaniuliza polepole, anaangalia chini, ile kiu yangu ilianzaje, maana mama yake siku hizi anakunywa maji mtungi mzima kabla ya jogoo. Nikamwambia ampeleke kupimwa, nikamwelekeza dirisha la kuanzia. Amempeleka. Sasa mama yake na Mama Holo wanakaa benchi moja, na hapo kliniki hakuna tena anayesikia daktari anasema nini.

Sasa narudi kwenye mtamba.

Mwambie Baba, kwa heshima zote, namshika miguu. Najua nia yake. Najua mtu wa ng'ombe hana namna nyingine ya kusema anampenda mwanawe ila kumtoa ng'ombe. Kama huyo mganga ana majani ya tumbo au ya kikohozi, Baba anywe yeye, na mwambieni ampe kuku. Lakini mganga akisema niache sindano, ananiua, na hatajua ameniua. Hili si la kujaribu. Siku chache tu bila sindano nitarudi kuwa yule wa kwenye gunia, na safari hii hakutakuwa na wa kulipasua. Msiniombe hilo. Mkiniomba nitawakatalia, na mimi sijawahi kumkatalia Baba kitu isipokuwa shule.

Jambo lingine ndilo hili, na Kabula hapa nyanyua sauti ili Baba asikie hata kama amejifanya kuangalia zizi. Siku mtamba yule alipozaliwa, Baba alimgusa paji akasema, "Huyu ataanza mahari ya Shija." Nilikuwa nimekuja kuwatembelea, nilimshikia taa. Sasa mkimtoa mkampa mganga, nyote hapo nyumbani mtakuwa mmekubaliana kimya kimya kwamba Shija haoi. Mtakuwa mmenihesabu pamoja na wafu. Baba, usinihesabu. Mwache zizini, mlishe, mwangalie pembe zake. Akizaa jike, ndama mwiteni Sukari, mimi sina neno. Kila mkiamka mkamwona anacheua, mjue mwenyewe yupo Bariadi anajichoma, anakula, anashindilia, na anamtafutia njia ya kwenda Binza.

Nisalimieni bibi anayekaa nyumba ya nyuma, mwambieni ugoro wake nitamletea, sasa nimeacha kumcheka kubeba vitu mfukoni. Nisalimieni wale pacha walionitangulia, Kulwa na Doto, wakirudi kutoka malishoni, waambieni mdogo wao ni maarufu na wao bado wananuka mbuzi. Nisalimieni mchungaji wa kanisa lenu, na yule mama jirani mwenye kichuguu cha mtandao. Baba nampa mkono wa pekee. Wabeja, asante sana kwa kunizaa, Mayu, hata na kongosho hili mlilonipa bila kulijaribu kwanza.

Ni mimi mwanao,
Shija, manju wa Bariadi, mwenye viatu.

Kabula, hapa chini usisome kwa sauti. Soma kimya. Ni kwako. Usije ukadhani nimemaliza. Kuna asubuhi nyingine nakaa ukingoni mwa kitanda, sindano iko pajani, na nachukia kila kitu upya kama siku ya daktari na miwani yake. Hata jana ilikuwa hivyo. Nasubiri, nasikia Shangazi anafagia nje, kisha najichoma, nakula, naziosha raba. Siku hizi hasira hiyo inapita kabla uji haujapoa. Zamani ilikula wiki.

Ah, basi, msomee Mayu na hii. Nilishasema mbele ya Bariadi nzima, nitamfichaje mama yangu?